Mwanafunzi wa chuo na umaskini: yanayosemwa na yalivyo

Bumu, yaani pesa ya kujikimu inayotokana na mkopo wa mwanafunzi, likichelewa, vyuo vyetu hujaa mazungumzo ya umaskini. Muhula huohuo utakuta kundi la wanafunzi limechangishana sabuni, unga na madaftari, likakodi basi dogo kwenda kwenye kituo cha watoto yatima, likakabidhi, likapiga picha na kurudi. Anayelalamika ana sababu, na anayechangia ana moyo mwema. Kinachokosekana mabwenini ni mjadala wa jambo la tatu: umaskini unapimwaje hapa Tanzania, nani anaamua nani apate nini, na kijana wa miaka 22 anaingilia wapi. Pasipo na ujuzi huo, dhana potofu hukaa kwa raha. Ninazozisikia mara nyingi ni hizi.

"Mimi mwenyewe ni maskini, nitamsemea nani?"

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Hizo ni kama shilingi 1,640 kwa siku, chakula na mahitaji mengine yote ya msingi humohumo. Asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari huo: vijijini asilimia 31.3, mijini 15.8. Upo pia mstari wa chini zaidi, wa chakula peke yake, shilingi 33,748 kwa mwezi. Asilimia 8 ya watu hawakuufikia hata huo.

Sasa weka pembeni yake bumu: shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata posho kamili ya chakula na malazi. Najua bei zimepanda tangu 2018. Najua chumba cha mtaani kinamega sehemu kubwa, wapo wanaotuma nyumbani kila wanapopokea, na wapo walionyimwa mkopo kabisa. Hata ukiyatoa hayo yote, pengo linabaki. Kufulia, yaani kuishiwa kwa muda, ni jambo moja, ufukara ni jingine. Aliyefulia hukopa kwa mwenzake au kwa mama ntilie, kwa kuwa kila mtu anajua hela iko njiani. Kaya fukara haikopesheki, na miaka inapita hivyo. Mwanafunzi anayeelewa tofauti hiyo hadai kidogo kwa ajili yake mwenyewe, ila huacha kuitumia shida yake kama sababu ya kutosoma shida ya wengine.

"Takwimu ya umaskini ni moja, anayetaja nyingine anadanganya"

Kwenye midahalo nimeona watu wakirushiana namba hadi jasho liwatoke. Mmoja anasema robo ya Watanzania ni maskini, mwingine anasema karibu nusu. Wote wanaweza kuwa sahihi. Asilimia 26.4 hutokana na mstari wa taifa. Benki ya Dunia, kwa mstari wa dola 2.15 kwa siku iliokuwa ikiutumia hadi 2025, ilipata takriban asilimia 45 kwa mwaka uleule wa 2018. Kaya ni zilezile, mistari ni miwili. Swali la kwanza la msomi liwe hili: mstari upi, na wa mwaka gani?

"Ukiwapa pesa taslimu watazinywea"

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana naisikia hata kwa wanafunzi waliosoma kwa pesa hizohizo. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), umezifikia zaidi ya kaya milioni moja. Kaya hupokea ruzuku kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya ruzuku hiyo hufungamana na watoto kuhudhuria shule na kliniki. Kwa anayesikiliza maneno ya vijiweni, pesa hizo huishia kilabuni.

Uchunguzi unasema vingine. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 za ruzuku za fedha kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakatazama pombe na tumbaku tu. Kwa ujumla matumizi ya vitu hivyo hayakupanda, na katika baadhi ya maeneo yalishuka. Kwetu, mpango wa majaribio uliendeshwa Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuanzia 2010. Vijiji 80 viligawanywa kwa kura: 40 vilianza kupata ruzuku, 40 vikasubiri, ili pawe na cha kulinganisha. Kaya zilizopokea zilielekea zaidi kulipia matibabu kwa bima kuliko pesa ya mfukoni, zilinunulia watoto viatu, na zikaongeza mifugo.

Viatu na mifugo. Mtoto mwenye viatu huenda shule hata njia ikiwa na miiba au matope. Kuku na mbuzi ni akiba ya kaya isiyo na benki: ugonjwa ukiingia, anauzwa mmoja. Ukimsikiliza mama anayepokea ruzuku hiyo akikupangia hesabu ya miezi miwili, utaona bajeti iliyofikiriwa vizuri kuliko ya wengi wetu siku ya bumu. Walevi wapo, kama walivyo kwa wenye mishahara, na mishahara haisimamishwi kwa ajili yao.

Dada yake dhana hii ni ile isemayo maskini ni mvivu. Sitaichelewesha. Umaskini mkubwa zaidi uko vijijini, kwa watu wanaoamka alfajiri kwenda shambani. Bei ya mazao, umbali wa barabara, mvua na ukubwa wa shamba hueleza zaidi kuliko tabia ya mtu.

"Msaada wote uwaendee maskini wa kweli tu"

Inasikika kama haki tupu. Tatizo ni kumpata huyo maskini wa kweli. TASAF huanza na mkutano wa kijiji au mtaa unaotaja kaya zenye hali mbaya zaidi. Kisha hujazwa dodoso, nalo hupitishwa kwenye kanuni inayokisia hali ya kaya kutokana na vitu vinavyoonekana, mfano nyumba, mali na idadi ya wategemezi. Kanuni ya aina hii haiwezi kukosa makosa. Mjane aliyeachiwa nyumba ya bati huweza kuonekana ana nafuu, hali hana cha kupika. Mwingine aliyejipanga mapema huingia.

Mwanafunzi hahitaji kufundishwa hili, kwani limeshampitia. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, hufanya jambo lilelile: hutazama vyeti vya vifo vya wazazi, ulemavu, na kama kaya yenu ilikuwa TASAF, kisha hutoa asilimia ya mkopo. Mnawajua wenzenu waliopata kidogo wakati nyumbani hakuna kitu. Hasira ile ya siku majina yanapotoka ni somo zima la sera ya jamii, na inastahili kusomwa pamoja na hasira ya kijiji ambacho nusu ya waliotajwa mkutanoni hawakurudi kwenye orodha.

Njia nyingine zipo. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016: kila mkaazi mwenye miaka 70 au zaidi alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa ana bati au makuti. Kenya nayo ilifungua Inua Jamii mwaka 2018 kwa wote wenye miaka 70 na kuendelea wasiolipwa pensheni ya serikali. Ada ya shule za msingi ilipofutwa Tanzania mwaka 2001, haikufutwa kwa watoto maskini peke yao. Mpango wa wote hugharimu zaidi, ila haumwachi mtu nje kwa sababu ya paa lake. Kwa maoni yangu, pale ambapo kumtambua mlengwa ni kazi ya kubahatisha, bora kulipa hiyo ziada. Wapo wachumi wasiokubaliana nami, na mdahalo huo ungefaa kusikika kwenye kumbi zetu.

"Msomi akiandamana, anawasemea wanyonge"

Historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina pande mbili. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya watumikie kwa muda kwa sehemu tu ya mshahara. Waliwasemea wasomi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri. Mamia wakafukuzwa. Chuo ni kilekile, ujasiri ni uleule, ila mara ya pili walikuwa wameuliza pengo la kipato linapanuka kwa faida ya nani. Kabla ya kuandika bango, swali hilo linatosha.

"Sera hutungwa Dodoma, sisi tufanyeje?"

Mengi huamuliwa karibu kuliko Dodoma. Kisheria kila mkaazi wa kijiji mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu na kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Mwanafunzi aliye likizo ndefu nyumbani ni mjumbe. Hahitaji barua ya utambulisho kama anayokwenda nayo fildi.

Halmashauri nayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuanika vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikaanza tena 2024. Shangazi zetu wengi wanasikia kwamba ipo bila kujua fomu inaanzia wapi, katiba ya kikundi inaandikwaje, au wamuulize nani jina likikatwa. Mwenye shahada anayeweza kukaa nao jioni mbili akaandika katiba hiyo, kisha akasoma ukurasa wa bajeti ya halmashauri na kuwaonyesha fungu lao ni shilingi ngapi, tayari yumo ndani ya sera ya jamii.