Kupiga Ala za Okestra kwa Kibodi: Uhai wa Sauti Unapopotelea

Wanafunzi wa utayarishaji wa muziki hutuuliza mara kwa mara wanunue maktaba gani ya sauti (mkusanyiko wa sampuli za ala zinazopigwa kwa kibodi) ili violini zao zisisikike kama kinanda. Jibu letu huwavunja moyo: mara nyingi waliyo nayo inatosha. Sampuli ni rekodi ya mtu halisi akipiga ala halisi. Uhai wake hupotelea mikononi mwa anayebonyeza.

Kwenye piano, nyundo ikishagonga waya kazi yako kwa noti hiyo imekwisha. Sauti itafifia yenyewe. Violini ni kinyume kabisa. Upinde unaendelea kusugua waya, na mpigaji anaweza kuanza kwa mnong'ono, akaikuza sauti, kisha akaishusha, noti ikiwa ileile. Ndiyo maana katika maktaba nyingi nguvu ya noti ndefu haitegemei umebonyeza kwa kasi gani. Hutegemea gurudumu la modulesheni, yaani kidhibiti namba 1 cha MIDI (mfumo wa kidijitali unaounganisha kibodi na kompyuta), chenye ngazi kuanzia 0 hadi 127. Mkono wa kulia upige, wa kushoto usiliache gurudumu hata kwa noti moja ndefu.

Hapa wengi huteleza. Kidhibiti namba 11 huongeza au kupunguza ukubwa wa sauti tu. Namba 1 kwa kawaida hubadili na rangi yake, kwa sababu hukuhamisha kutoka sampuli zilizopigwa kwa upole hadi zilizopigwa kwa nguvu. Ukitumia namba 11 peke yake, utapata tarumbeta zinazopulizwa kwa nguvu zote lakini zinasikika kama ziko chumba cha pili.

Tarumbeta na fluti zinahitaji pumzi pia. Imba mstari wako kwa sauti. Unapoishiwa pumzi, inua kidole. Si lazima msikilizaji ajue muziki ili ahisi kwamba hakuna binadamu anayeweza kupuliza mfululizo namna ile. Ukipenda, tumia kifaa cha kupulizia kinachogeuza pumzi yako kuwa ishara ya MIDI. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 tayari ilikuwa na tundu lake.

Pedali ya piano iache. Na usipige noti nne kwa pamoja kwenye sampuli ya kundi la violini 16, maana umekwisha kuajiri wapigaji 64! Rekodi kila mstari peke yake.

Noti inayorudiwa haraka kwa sampuli ileile hulia kama bunduki ya rashasha. Maktaba nzuri huwa na rekodi kadhaa za noti moja, na programu huzipokeza kwa zamu. Hata hivyo, badilisha nguvu ya vidole.

Kuhusu muda, sampuli za legato (noti zinazoungana bila kukatika) hubeba mpito kutoka noti moja hadi nyingine, kwa hiyo huchelewa kidogo kusikika. Zisogeze zianze kabla ya pigo, kwa kusikiliza. Kuzipanga zote juu ya mistari ya gridi inayogawa muda kwenye programu huzifanya zichelewe zaidi, na kuzitawanya ovyo si ubinadamu, ni uzembe.

Mwangwi uwe wa mwisho. Fanya mazoezi bila huo, kwani hufunika kasoro ambazo sikio lako lilipaswa kuzikamata mapema.