Mtoto wa walezi wengi hampotezi mama

Wapo wanaodai kwamba mtoto anayeshinda na bibi au dada yake hatashikamana na mama. Si kweli, na dai hili linawaumiza bure akina mama wengi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewachunguza watoto wa Waganda nchini Uganda kuanzia mwaka 1954, aliona wakishikamana na mama na pia na ndugu wengine wa nyumbani. Kilichokuwa na uzito ni mlezi kumwelewa mtoto na kumwitikia.

Hata dalili za kushikamana hutofautiana. Kwa Wakisii wa Kenya, watafiti walikuta watoto wachanga wakisalimiwa kwa mkono badala ya kukumbatiwa. Mtoto aliyemzoea mlezi wake huunyoosha mkono kwa hamu. Anayesubiri kuona kumbatio atamdhania mpweke.