Bulabo: Shindano la Ngoma Linaloamuliwa kwa Miguu ya Watazamaji

Ukimwuliza mzee wa Kisukuma aliyecheza ngoma ujanani ni kundi gani lililoshinda shindano fulani, hatakutajia alama wala majina ya waamuzi. Atakuambia watu walihamia upande gani. Jibu hilo fupi ndilo ufunguo wa historia ya Bulabo, tamasha la ngoma za ushindani linalofanyika Bujora, Kisesa, wilayani Magu, umbali mfupi kutoka jijini Mwanza kwenye barabara iendayo Musoma. Watu wengi hulifahamu kama sherehe ya utamaduni, jambo ambalo ni kweli, lakini maelezo hayo huacha nje kile kinacholitofautisha na sherehe nyingine nyingi za ngoma nchini, nacho ni kanuni yake ya ushindi. Makala hii inaeleza kanuni hiyo ilikotoka, ilivyoutengeneza muziki wenyewe, na yaliyoupata muziki huo ulipopelekwa mahali ambapo kanuni hiyo haikutumika.

Ushindani huo ni wa zamani kuliko tamasha. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeigawa jamii ya Wasukuma tangu karne ya 19, na simulizi za wenyeji huvihusisha na waganga wawili walioshindana kwa umahiri wa kucheza na nguvu ya dawa: Ngika kwa upande wa Bagika, na Gumha kwa upande wa Bagalu. Msomaji asiyetoka Usukuma hudhani kwamba hizi ni koo mbili au maeneo mawili ya utawala, na dhana hiyo humpotosha mapema. Mtu huingia katika chama kwa kupokea dawa na mafunzo yake, na vyama hivyo vimeenea pande zote za Usukuma kiasi kwamba mgeni anayefika kijijini huweza kukuta wenzake wa chama ingawa hana ndugu hapo. Kutokana na mgawanyiko huo, makundi mengi ya kazi mbalimbali, yakiwemo ya wakulima, wawindaji wa nungunungu na washika nyoka, yalijikuta yakijipanga chini ya mojawapo ya pande hizo mbili.

Utaratibu wa shindano ni rahisi kueleza na mgumu kuustahimili. Makundi mawili hupewa nafasi katika uwanja mmoja na kuanza kucheza kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na ngoma zake, waimbaji wake na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ambaye Wasukuma humwita ningi. Watazamaji husimama wanapotaka na kuondoka wanapotaka. Muda unapokwisha, kundi lililozungukwa na umati mkubwa ndilo lililoshinda. Zamani, katika msimu wa mapumziko baada ya mavuno, mashindano ya namna hii yangeweza kuendelea kwa siku nyingi mfululizo, na kundi lililoelemewa leo lilikuwa na usiku mzima wa kutafakari litafanya nini kesho.

Tuutazame uwanja huo kwa karibu. Upande mmoja wapo wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya wakulima, wamevaa njuga miguuni, kila mmoja ameshika jembe la mkono. Wanainama pamoja kana kwamba wanalima tuta moja, wanainuka pamoja, na ghafla majembe yanarushwa juu, yanazunguka hewani, yanadakwa kwa mpini bila mdundo kupotea. Umati unasogea kuwaelekea. Upande wa pili wanaiona hali hiyo, kwa sababu wamesimama hatua chache tu kutoka hapo, na wanajua kwamba wakichelewa watabaki wakiwachezea watoto na wapita njia. Mmoja wao anafungua kapu na kutoa chatu, anamviringisha shingoni na kuanza kucheza naye. Waliokuwa wakishangilia majembe sasa wanageuza shingo. Wa nyuma wanaanza kutembea, halafu wanakimbia, na vumbi la miguu yao linawatangazia wapiga ngoma wa bugobogobo kwamba mambo yamewageukia.

Mengi ambayo wageni huyaona kama mapambo ya utamaduni yalitokana na shinikizo hilo. Nyoka wa washika nyoka na nungunungu wa wachezaji wa bununguli ni alama za kazi za vyama vyao, kwa kuwa washika nyoka ni wataalamu wa dawa ya kuumwa na nyoka, na wawindaji wa nungunungu walikuwa wakilinda mazao. Lakini uwanjani wanyama hao ni silaha za kuwavuta watu. Ndivyo ilivyo pia kwa vinyago vikubwa vya mbao, vingine vikiwa na viungo vinavyochezeshwa, ambavyo leo baadhi yake vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani vikiwa vimesimamishwa kimya ndani ya kabati la kioo. Kinyago cha aina hiyo kilichongwa ili kitikisike mbele ya watu waliokuwa wanakaribia kuondoka.

Dawa nazo zilikuwa na nafasi yake. Kiongozi wa kundi alitarajiwa kuwa na dawa ya mvuto wa kuuleta umati, na dawa ya kinga ili wapinzani wasiwalegeze wachezaji wake. Mtafiti hana haja ya kuthibitisha wala kukanusha nguvu ya dawa hizo ili atambue kazi zilizofanya: ziliunganisha kundi, zilimpa kiongozi mamlaka ya kuwatia nidhamu vijana, na zilitoa maelezo ya kushindwa yasiyomvunja mtu moyo. Kundi lililozidiwa halikuwa na lazima ya kukiri kwamba lilicheza vibaya.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kilichonolewa zaidi na kanuni hii ni utunzi. Ningi hawezi kushinda kwa wimbo ambao watu wameshauchoka, kwa hiyo hulazimika kuwa na tungo mpya, na tungo hizo huzungumzia mambo ambayo mtazamaji atapenda kuyasikia hadi mwisho: bei ya pamba, sifa za mtunzi mwenyewe, aibu ya mpinzani, tabia za wakubwa. Ningi huweza kuusikia wimbo wa upande wa pili na kuujibu papo hapo kwa kijembe, akilitumia neno la mwenzake kumgeuzia kibao. Katika miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walipokuwa wakijenga vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, huku TANU ikizuiwa kufanya kazi katika eneo hilo hadi mwaka 1958, nyimbo za ngoma zilikuwa miongoni mwa njia chache za kusema hadharani yale yaliyokuwa yakinong'onwa.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ndipo Bulabo yenyewe ilipozaliwa. Wamisionari wengi waliotangulia walizitilia shaka ngoma kwa sababu ya dawa zake, na Mkristo aliyeonekana uwanjani aliweza kujikuta akihojiwa. Padre David Clement, Mkanada kutoka Quebec wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alishika njia nyingine. Huko Bujora alijenga kanisa la mviringo lililofuata umbo la nyumba ya jadi, akaingiza ngoma na mahadhi ya Kisukuma katika ibada miaka kadhaa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuruhusu jambo hilo waziwazi mwaka 1963, na akakusanya vifaa vya jadi ambavyo vikawa msingi wa Makumbusho ya Wasukuma. Neno bulabo maana yake ni maua, na linatokana na maandamano ya Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambapo njia inayopitishwa Sakramenti hupambwa kwa maua. Sikukuu hiyo huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, na huo ndio msimu ambao mkulima wa Usukuma ameanza kupumzika jembe na vyama vya ngoma vinatafuta wapinzani. Kuiweka sikukuu hiyo pamoja na mashindano ya ngoma kulikuwa uamuzi wa mtu aliyeijua kalenda ya wakulima vizuri sawa na kalenda ya Kanisa.

Kuna sababu nyingine iliyoipa Bujora uzito, nayo haitajwi mara nyingi. Watemi, yaani watawala wa jadi wa Usukuma, walizoea kuwa wenyeji wa mikusanyiko mikubwa, na ngoma zao za utawala zilikuwa sehemu ya heshima ya mikusanyiko hiyo. Mamlaka yao yalipofutwa kisheria mwaka 1963, uwanja wa mtemi ulipoteza mwenyewe. Bujora, ambako baadhi ya ngoma za watemi zilihifadhiwa, ikabaki kuwa mahali ambapo Bagika na Bagalu wangeweza kukutana bila upande wowote kuwa ugenini.

Wakati huo huo, ngoma za Usukuma zilikuwa zimeanza kusafiri. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, na muda si mrefu bugobogobo ikaingia katika orodha ya ngoma zilizochezwa na wasanii wa taifa. Baadaye ikafundishwa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Huko jukwaani ngoma hiyo ilibadilika kwa namna zinazoweza kuonekana kwa macho. Duara lilinyooka likawa mstari, kwa sababu watazamaji wameketi upande mmoja. Saa nyingi zikawa dakika chache. Maneno yalipunguzwa, kwa kuwa wengi wa waliokuwa wakisikiliza hawakujua Kisukuma. Katika mashindano yenye waamuzi walioketi mezani na karatasi za alama, usare na usahihi wa mavazi vilianza kulipa kuliko kijembe kipya. Sisemi kwamba ngoma ya jukwaani ni duni, kwani majembe yanayorushwa kwa pamoja na wachezaji waliofunzwa vizuri ni jambo la kupendeza. Ninasema kwamba ni sanaa nyingine, inayomtafuta mwamuzi ambaye hawezi kuondoka kitini.

Tofauti hiyo inawahusu sana wale wanaorekodi ngoma hizi, iwe kwa ajili ya kumbukumbu za familia, shule au nyaraka za makumbusho. Sahani za santuri za zamani zilibeba kama dakika tatu kwa kila upande, na ziliwekwa kundi moja moja. Simu za leo zina nafasi ya saa nzima, lakini mpigaji picha bado husimama mbele ya kundi analolipenda na kulipa kisogo lile lingine. Anayetaka kuuhifadhi muziki wa Bulabo asimame katikati ya uwanja, au aje na mwenzake ili kila mmoja arekodi upande wake kuanzia ngoma ya kwanza, na waandike majina ya makundi yote mawili pamoja na saa ambayo umati ulihama. Pasipo hivyo, miaka ishirini baadaye mtu atausikiliza wimbo, atamsikia ningi akicheka na kusema "hilo jembe lenu limevunjika mpini," na hatakuwa na namna ya kujua alikuwa akimjibu nani.