Venice ilichorwaje kutoka angani mwaka 1500?

Je, wajua? Mwaka 1500 ndege hazikuwepo, wala puto la kumpaisha binadamu halikuwa limebuniwa. Hata hivyo, mwaka huohuo ilichapishwa picha ya Venice nzima kama aionavyo mwewe: mapaa, dohani, mifereji, na meli zimetia nanga.

Mchoraji aliitwa Jacopo de' Barbari. Inaaminika kwamba watu walipita mitaani wakipima, wakapanda minara ya kengele mmoja baada ya mwingine na kuchora kilichokuwa chini yao, kisha michoro ikaunganishwa. Ndiyo maana ukiikagua sana unaona mtaa huu umetazamwa kwa pembe moja, ule kwa nyingine. Ni viraka, ila vimeshonwa na fundi hasa. Halafu yote ikachongwa kinyumenyume kwenye mbao sita kubwa za kuchapia. Karatasi zake zikipangwa pamoja, picha ina upana wa karibu mita 2.8.

Nani alilipia? Anton Kolb, mfanyabiashara Mjerumani kutoka Nuremberg. Aliiambia serikali ya Venice kwamba kazi imemchukua miaka mitatu, na kwamba lengo lake kuu ni sifa za mji. Sawa. Lakini katika ombi hilohilo alitaka mtu mwingine asiinakili kwa miaka minne, asitozwe ushuru akiisafirisha nje, na aiuze kwa dukati 3 (sarafu za dhahabu) nakala moja. Hata picha yenyewe inajieleza: juu ameketi Mercury, mungu wa biashara, akiutukuza mji huu kuliko masoko mengine yote.

Dukati 3 hazikuwa fedha za mchezo, na wanunuzi wangeweza kuuliza kwa nini walipe hivyo wakati vitabu vyenye picha za miji vilikuwepo. Jibu limo humohumo vitabuni. Kitabu cha historia ya dunia kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1493 kilikuwa na picha zaidi ya 1,800 zilizotokana na mbao zipatazo 645 tu. Miji tofauti kabisa, kama Mainz, Bologna na Lyon, ilipewa sura ileile! Desturi hiyo ilififia baadaye. Kitabu cha miji ya dunia cha Braun na Hogenberg, cha mwaka 1572, kilijitahidi kuupa kila mji sura yake, na ndani yake zimo hata Kilwa na Mombasa.

Kolb hakuuza mji wa kubuni. Radi ilikuwa imeharibu kilele cha mnara wa Mtakatifu Marko mwaka 1489, na kwenye picha ya kwanza mnara una paa bapa la muda, vilevile ulivyokuwa. Kilele kipya kilipojengwa, ubao ulichongwa upya pale palipo na mnara, picha ikachapishwa tena. Mbao zote sita bado zipo Venice, katika jumba la makumbusho la Correr.