Alama Zimeshuka? Anza na Karatasi Uliyofeli

Matokeo mabaya yakitoka, wapo wanafunzi wanaoyafunga na kutoyatazama tena, na wapo wanaoapa kwamba muhula ujao watasoma mara mbili ya walivyosoma. Hawa wa pili ndio wanaoniumiza zaidi katika kazi hii ya kuwashauri wanafunzi wa vyuo. Wanajituma kweli, ila wanaongeza saa za njia ileile iliyowaangusha. Muhula unapoisha na alama zikabaki palepale, wanahitimisha kwamba hawana akili ya somo hilo. Mara nyingi akili wanayo. Kilichoharibika ni namna ya kusoma, na namna hurekebishika.

Siku mbili tatu za mwanzo, jiruhusu kuumia, na mweleze mtu unayemwamini. Usiku wa matokeo si wakati wa kuamua kubadili fani wala kuacha chuo. Uchungu ukishapoa, omba kuiona karatasi yako ya majibu. Wengi hawafanyi hivi kwa sababu ya aibu, na hapo wanapoteza ushahidi pekee wa kilichotokea ndani ya chumba cha mtihani.

Pitia kila swali ulilopoteza alama na ujiulize sababu. Je, hukujua kabisa? Ulijua, lakini swali lilitaka ulinganishe nawe ukaeleza upande mmoja tu? Au muda ulikwisha? Aliyeishiwa muda hata akimeza kitabu kizima hatasaidika. Anachohitaji ni kujibu mitihani ya nyuma huku saa ikihesabu. Aliyekosea kuelewa swali anahitaji kumwona mhadhiri, naye asiende kubembeleza alama. Amuulize hivi: “Jibu la kupata alama zote lingekuwa na nini ambacho langu halina?” Ni swali ambalo wahadhiri wengi hulijibu kwa moyo mkunjufu.

Waliobaki, na ndio wengi, watagundua kwamba walisoma sana na bado hawakukumbuka. Hapa panahitaji maelezo zaidi.

Mazoea makubwa ya wanafunzi ni kurudia kusoma notisi na kupiga mistari ya rangi. Ukisoma ukurasa kwa mara ya nne, kila sentensi unaiona ya kawaida, nawe unaamini umeielewa. Lakini kuitambua sentensi iliyo mbele ya macho ni kazi moja, na kuitoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni kazi nyingine. Mtihani hupima hiyo ya pili. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma katika vipindi vinne. Jingine lilisoma katika kipindi kimoja, kisha likatumia vipindi vitatu kuandika lilichokumbuka bila kutazama kifungu. Baada ya dakika 5, waliosoma tu waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka takriban asilimia 40 ya yaliyomo, na waliojipima takriban asilimia 61. Na waliosoma tu ndio waliotabiri kwamba wangekumbuka zaidi! Kujiona umeiva kumbe si kipimo cha kuiva.

Kwa hiyo, ukimaliza mada, funga daftari. Chukua karatasi tupu uandike kila unachokumbuka, kisha fungua na ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Mapengo hayo ndiyo ratiba yako ya kesho. Kwenye hesabu, funika suluhisho la mfano ulitafute mwenyewe kabla ya kulitazama. Mara za kwanza utaona karatasi ina mistari michache na utavunjika moyo. Usiache. Ugumu huo wa kuvuta jambo kutoka kichwani ndio unaoimarisha kumbukumbu, ndiyo maana kusoma kwa raha hakudumu.

Lililobaki ni kutawanya muda. Tangu mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe, inajulikana kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoweka mapema, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hushinda kurudia kwa mkupuo. Saa sita za mada moja zigawanye: mbili leo, nyingine baada ya siku mbili, nyingine wiki ijayo. Usikeshe mkesha wa mtihani, kwani ubongo huimarisha kumbukumbu usingizini. Simu iwe chumba kingine wakati wa kusoma.

Ujue pia kwamba wastani wa jumla wa alama (GPA) hupanda polepole. Mwenye wastani wa 2.0 kwa krediti 30 (krediti ni uzito wa kila somo), akipata 3.5 kwenye krediti 15 zinazofuata, atafika 2.5. Muhula mzuri sana, na bado namba inaonekana ndogo. Nimeona wanafunzi wakikata tamaa hapo, wakati walikuwa wameshageuza mwelekeo. Pima alama za muhula wenyewe kabla ya kuutazama wastani wa jumla.

Na ikiwa kilichokuangusha ni ugonjwa, msiba, ada au kazi ya usiku, mbinu za kusoma peke yake hazitatosha. Ripoti mapema kwa maandishi pamoja na vielelezo, na uulize kanuni za mtihani wa marudio, za kukata rufaa na za kuahirisha muhula, kwa sababu zote zina tarehe ya mwisho. Ukikosa usingizi au hamu ya chakula kwa wiki mbili mfululizo, mwone mshauri nasaha au daktari. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usisubiri hata siku moja: mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke sasa hivi.