Je, wajua? Herufi iliyo kwenye tiketi yako ya ndege haisemi utakaa wapi

Fungua tiketi yoyote ya ndege uliyonayo, ya karatasi au ya simu. Karibu na tarehe na namba ya ndege utakuta herufi moja imesimama peke yake: Q, M, H, pengine Y. Kwa miaka mingi niliamini kwamba herufi hiyo inataja kiti. Nilidhani Y ni viti vya mbele kidogo, M ni vya katikati, na Q ni vile vya nyuma kabisa karibu na choo. Marafiki zangu wengi hapa Kampala nao huamini hivyo, na wapo wanaomwomba wakala awakatie "herufi nzuri" ili wapate kiti kizuri. Sivyo ilivyo, na nilijua ukweli siku niliyomshuku mtu asiye na kosa.

Tulikuwa watu wanne tunaokwenda harusini Zanzibar: mama, shangazi, mdogo wangu na mimi. Usiku nilitafuta nauli kwenye simu, kwa mtu mmoja, kutoka Entebbe kwenda na kurudi. Ikaja dola 240. Asubuhi nikaenda kwa wakala mjini, dada mmoja mzaliwa wa Busia. Akaandika majina manne, akasubiri kidogo, akasema ni dola 310 kila mtu. Nikamuuliza, "Dada, hizi sabini za juu umeziongeza wewe?"

Hakukasirika. Aligeuza skrini ili nami nione. Palikuwa na mstari mfupi: Y9 B9 M9 Q2 V0.

"Hesabu mwenyewe, kaka."

Nikajumlisha. Tisa, tisa, tisa na mbili: viti 29 vimebaki, na sisi tu wanne. Kwa nini basi bei ipande?

"Hizo hazijumlishwi," akasema.

Tuanze na kiti, maana hapo ndipo kosa lilipo. Ndege ya A330-800 ya Uganda Airlines ina vyumba vitatu: viti 20 vya daraja la biashara, 28 vya daraja la kati, na 210 vya daraja la kawaida. Viti hivyo 210 ni vya aina moja. Aliyelipa nauli ya chini na aliyelipa nauli ya juu wanaweza kukaa bega kwa bega, wakala chakula kimoja, wakashuka kwa ngazi moja. Lakini ndani ya chumba kimoja kama hicho shirika la ndege linaweza kuuza kwa herufi kumi na zaidi. Chumba ni mahali unapokaa. Herufi ni mapatano mliyoandikiana: umelipa kiasi gani, ukitaka kubadilisha tarehe utatozwa nini, ukighairi utarudishiwa pesa au la, na safari hiyo itakupa pointi ngapi kama umejiunga na mpango wa wasafiri wa mara kwa mara.

Herufi chache zinakaribia kuwa na maana moja duniani kote. F ni daraja la kwanza. J na C ni daraja la biashara. Y ni nauli kamili ya daraja la kawaida, ile ambayo kwa desturi ina masharti machache kuliko zote. Zilizobaki kila shirika huzipanga litakavyo. Q ya shirika moja inaweza kuwa nauli ya chini, na ya jirani yake ikawa ya katikati. Kwa hiyo zile orodha zinazosambazwa kwenye simu, zinazodai kupanga herufi kutoka ghali hadi rahisi kwa mashirika yote, usizikariri. Na kiti cha nyuma karibu na choo kinaweza kabisa kukaliwa na mtu wa Y aliyechelewa kuchagua.

Sasa zile tisa tisa. Fikiria tangi la maji, lile jeusi la plastiki linaloonekana juu ya nyumba kila mtaa wa Kampala. Maji yaliyomo ni viti vilivyobaki. Ubavuni tangi lina mabomba matano, moja juu ya jingine. Bomba la juu kabisa ni V, nauli nafuu kuliko zote. Chini yake Q, kisha M, kisha B. Chini kabisa, usawa wa sakafu ya tangi, ni Y.

Tangi likijaa, mabomba yote yanatoa. Maji yakishuka, la juu ndilo linalokauka kwanza: V0. Q bado linatoa kidogo, kwa sababu juu yake pamebaki maji ya viti viwili. M lina maji mengi zaidi juu yake, na ndani ya maji hayo mna vile viti viwili vya Q. B lina yote ya M na zaidi. Y lina kila tone. Kwa hiyo mstari ule ulikuwa unahesabu maji yaleyale mara tano, kila mara kutoka bomba jingine. Ukijumlisha, unahesabu kiti kimoja cha Q mara nne, maana V limekauka. Na 9 yenyewe ni mwisho wa kuhesabu tu, kwa kuwa nafasi iliyopo ni ya tarakimu moja: inamaanisha tisa au zaidi, hata kama viti ni sitini. Mashirika mengine huishia 7, mengine 4.

Kwangu mimi tangi hili ndilo lililofungua mlango, kwa sababu linaeleza mambo mengi kwa mara moja. Mtu akinunua Y leo, usawa wa maji unashuka kwa wote, na Q uliyoiona jana inaweza kukauka ingawa hakuna aliyeinunua. Mtu akighairi safari, maji yanapanda, na Q inarudi. Ndiyo maana nauli huweza kushuka tena Alhamisi baada ya kupanda Jumanne. Mabomba yenyewe pia hayakuchomelewa: kuna watu na kompyuta upande wa shirika wanaoyapandisha na kuyateremsha kila siku kadiri wanavyoona wateja wanavyokuja. Wengi husema simu inakukumbuka, kwamba ukitafuta safari mara nyingi bei inapandishwa kwa makusudi. Ushahidi wa hilo ni mwembamba. Bomba lililokauka saa moja iliyopita linatosha kueleza.

Nauli yetu nayo inaelezeka. Nilipotafuta kwa mtu mmoja, kulikuwa na maji ya Q, nikapewa bei ya Q. Wakala alipoweka watu wanne kwenye uhifadhi mmoja, kompyuta ilitafuta bomba la bei ya chini linaloweza kujaza vikombe vinne kwa pamoja. Q lilikuwa na viwili tu. Mifumo mingi haigawi, mbili huku na mbili kule. Inashuka na kundi zima hadi bomba linalowatosha wote. Likawa M, dola 310 kwa kila mmoja, ingawa dola 240 za watu wawili zilikuwa bado zipo palepale.

Lakini kwa nini shirika lifunge bomba la bei rahisi wakati ndege haijajaa? Hapo nenda Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ukasimame na mchuuzi wa samaki. Tuseme ana ngege ishirini asubuhi. Mama wa hoteli za chakula huja mapema na hununua kwa shilingi 15,000, si zaidi, maana nao wanakwenda kuuza. Jioni hupita watu wanaotoka kazini, wana haraka na wana njaa, watalipa 30,000. Shida ni kwamba hajui watakuja wangapi, na samaki atakayelala hatamuuza tena kwa bei hiyo. Aweke wangapi chini ya kitambaa chenye maji?

Anaanza na samaki wa kwanza wa jioni. Mteja mmoja lazima atapita, kwa hiyo huyu anawekwa. Wa tano vilevile. Anafika wa kumi: kwa uzoefu wake, siku moja kati ya mbili ndipo wateja wa jioni hufika kumi. Nusu ya 30,000 ni 15,000, sawasawa na anachopewa asubuhi hii mkononi. Hapo ndipo mpaka. Wa kumi na tano huuzika jioni siku moja tu kati ya kumi. Thamani yake ya kusubiri ni 3,000. Huyo auzwe sasa hivi, na ashukuru. Kwa hiyo anaficha kama tisa au kumi, na mama wa hoteli anayefika saa nne anaambiwa wameisha, huku mkia wa ngege ukionekana pembeni ya kitambaa.

Hesabu hiyo ina jina. Mwaka 1972 Ken Littlewood wa BOAC, shirika la Uingereza la wakati huo, aliiandika kwa ajili ya viti: uza kwa bei ya chini maadamu inazidi bei ya juu ikizidishwa na uwezekano wa kumpata mteja wa bei ya juu. BOAC tunaijua huku. Ndege yake ya Comet, iliyoanza safari ya kwanza duniani ya abiria kwa injini za jeti tarehe 2 Mei 1952 kutoka London kwenda Johannesburg, ilitua Entebbe njiani. Baadaye Marekani ikaondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli mwaka 1978, mashirika yakaanza kushindana kwa bei, na kompyuta zikachukua kazi ya mchuuzi.

Ndege halisi ina bei nyingi kuliko mbili, na kuna utata mmoja zaidi ambao huwashangaza watu. Kiti cha Entebbe hadi Nairobi kinaweza kutakiwa na mtu anayeishia Nairobi, na pia na mtu anayeunganisha kwenda London. Huyo wa pili analeta pesa nyingi zaidi kwa jumla, hivyo shirika laweza kumfungulia herufi ya chini huku likimfungia wa kwanza, kwenye ndege ileile. Pia si kila shirika linabaki na herufi hizi milele. Yapo, Lufthansa likiwamo, yaliyoanza kuuza bei zilizo kati ya herufi moja na nyingine, kwa kuwa herufi 26 ni ngazi chache mno kwao.

Ukisoma tiketi kwa makini utaona pia neno refu zaidi lisilotamkika, kwa mfano QLXRT3M. Hilo ndilo jina kamili la nauli yako, na herufi yake ya kwanza kwa kawaida ndiyo ile iliyosimama peke yake. L baada yake mara nyingi ni msimu wa wasafiri wachache; H ingekuwa msimu wa wengi, kama Desemba. X ni siku za katikati ya wiki, W ni za mwisho wa wiki. RT ni kwenda na kurudi. 3M ni kwamba usikae zaidi ya miezi mitatu. Baada ya mkwaju (/) unaweza kukuta CH25, yaani mtoto aliyepunguziwa asilimia 25, au IN90, mtoto mchanga aliyepunguziwa 90. Angalia kwamba maana inategemea mahali. L ikisimama mwanzoni ni ile herufi ya nauli, ikisimama ya pili ni msimu, kama neno kaa: kaa la moto, kaa wa baharini, na kaa kitako. Kila shirika hujitungia maneno yake, kwa hiyo hayo ni mazoea tu. Kinachokubana ni masharti ya nauli yenyewe, na una haki ya kumwomba wakala akusomee kabla hujalipa: faini ya kubadilisha, faini ya kutotokea uwanjani, muda wa kukaa.

Na ukiona YQ au YR kwenye safu ya kodi, hizo si kodi za serikali. Ni tozo za shirika lenyewe, hata kama zimekaa mstari mmoja na za uwanja.

Kwetu sisi, dada wa Busia alifanya alichoweza kufanya binadamu na kompyuta ikashindwa. Aligawa uhifadhi mara mbili: wawili Q kwa dola 240, wawili M kwa dola 310, kisha akaandika kwenye kila uhifadhi kwamba tunasafiri pamoja. Alinionya kwamba ndege ikiahirishwa, mfumo unaweza kutupanga kwenye ndege tofauti, na kwamba hafanyi hivyo kwa mtoto mdogo na mzazi wake. Kisha akauliza nani kati yetu huenda akabadilisha tarehe. Nikasema mama. "Basi mama na shangazi wachukue M," akasema. "Q ya hapa ukiigusa unalipa."

Tulikaa safu moja, wote wanne. Baada ya harusi mama alitaka kubaki na dada zake wiki moja zaidi. Nikampigia dada wa Busia, akatazama mstari wa siku mpya: M ilikuwa bado wazi. Hapakuwa na faini, na tofauti ya nauli ilikuwa sifuri. Mdogo wangu naye alitaka kubaki. Tiketi yake ilikuwa Q. Akarudi na mimi Jumapili.