Upoozaji wa ubao mama: kwa nini RAM iliyoongezwa kasi hugoma mchana wa Mombasa

Kuongeza kasi ya RAM ni kuiendesha memori ya kompyuta kwa spidi inayozidi ile ya viwango vya kawaida. Wengi hufanya hivyo bila kujua: wanaingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya msingi kabla Windows haijawaka, wanawasha XMP, au EXPO kwa mashine zenye prosesa za AMD (mipangilio ya kasi aliyoiandaa mtengenezaji wa RAM), wanahifadhi, basi. RAM ya DDR4, yaani ya kizazi cha nne, ambayo kwa viwango hupewa volti 1.2 sasa inapewa 1.35. Ukiitazama, ni nyongeza ndogo. Lakini umeme unaoliwa na chipu hupanda kwa mraba wa volteji, kwa hiyo hapo tayari kuna joto la ziada la kama asilimia 27, na spidi yenyewe hatujaihesabu.

Joto hilo, pamoja na la prosesa na la saketi zinazogawa umeme, lazima liondoke kwenye ubao mama, ile bodi kuu inayobeba prosesa na RAM, na litoke nje ya boksi. Kazi hiyo yote ndiyo upoozaji wa ubao mama. Feni ya prosesa ni sehemu yake moja tu, ingawa ndiyo pekee inayonunuliwa kwa makini.

Joto linaiharibu vipi memori? Kila biti kwenye RAM ni chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita, na kapasita hizo huvuja. Ni kama safu ya mitungi yenye nyufa, na mtu anazunguka na kata akiijazia kabla haijakauka. Kwenye DDR4 kila seli lazima ijaziwe ndani ya milisekunde 64. Chipu ikivuka nyuzi 85, viwango vinataka muda huo upunguzwe hadi milisekunde 32, maana joto huzidisha kuvuja. Sasa wapenda spidi wana mpangilio uitwao tREFI, yaani muda kati ya kujazia kumoja na kwingine, ambao huurefusha ili RAM isipoteze muda ikijaziwa. Kasi inapatikana kweli, ila huo ndio mpangilio wa kwanza kukusaliti chumba kikichemka. Makosa yanaweza kuanza kwenye nyuzi 50 na kitu, mbali kabisa na hiyo 85.

Hapo ndipo Mombasa inapoingia. Feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoipuliza. Tuseme mtu wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 20 anajisifu kuwa RAM yake inasoma 42. Maana yake imekizidi chumba kwa 22. Chukua mashine hiyo hiyo na mipangilio hiyo hiyo, uiweke Majengo mwezi wa Machi, saa nane mchana, kwenye chumba cha nyuzi 35. Utasoma 57. Ndiyo sababu mtu anapima RAM yake kwa MemTest86 usiku wa manane, inapita bila kosa hata moja, kisha kesho yake adhuhuri mchezo unajifunga au skrini ya buluu inatokea. Lawama zote anabebeshwa Windows.

Kuna mtego mwingine. MemTest86 huisumbua memori wakati kadi ya grafiki imepumzika. Ukianza mchezo mzito, kadi hiyo, iliyo chini kidogo tu ya RAM, inatema hewa ya moto ambayo kwenye maboksi mengi hupanda moja kwa moja hadi kwenye vijiti vya memori. Kipimo cha maana basi ni kuzitesa zote mbili kwa pamoja, saa za joto, huku ukitazama nyuzi za RAM kwenye programu ya kusoma vihisi kama HWiNFO. Zikibaki chini ya 50 au hapo jirani, una nafasi ya kupumua.

Kichekesho ni kwamba kipoza maji cha bei kubwa kinaweza kuzidisha tatizo. Feni ya kawaida iliyokaa juu ya prosesa humwaga upepo kidogo pembeni, ukagusa RAM na saketi za umeme. Ukiing'oa ukaweka mabomba ya maji, prosesa inapoa lakini majirani zake wanakosa hewa. Dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: feni moja ya milimita 120, izungushwe taratibu, ifungwe kwa vile vifungo vya plastiki vya kukazia nyaya ili ipulize vijiti vya RAM moja kwa moja. Haipendezi macho. Lakini ningeanza nayo kabla ya kununua kitu chochote chenye taa za rangi, hasa kwa DDR5, kizazi kilichofuata DDR4, ambayo chipu ya kurekebisha umeme imehamia kwenye kijiti chenyewe na kuongeza joto palepale.

Halafu kuna hewa yetu ya bahari. Vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi huganda kwenye mapezi ya vipoza joto na kuwa utando usiotoka kwa kupuliza tu. Linataka brashi laini na spiriti safi, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Na kama chumba kina AC, angalia stima inapopotea. Mashine imezimika na kupoa, mtu anafungua madirisha, hewa ya unyevu inaingia na kukuta chuma baridi. Chuma kinatoa jasho. Usiiwashe mpaka ipate joto la chumba na kukauka.

Upoozaji una mpaka wake, lakini. Ikiwa makosa yanatokea hata alfajiri, RAM ikiwa kwenye nyuzi 35, usihangaike na feni. Hapo ama kidhibiti cha memori kilicho ndani ya prosesa hakiwezi spidi hiyo, ama kijiti ni kibovu. Rudisha mipangilio ya kawaida upime tena: makosa yakiisha, rudi kwenye ile kasi ya juu ukiishusha hatua moja, yakibaki, pima kijiti kimoja kimoja.